Mdogo wangu kaandika ClNa, kapata 4 kwa 10. Jina linaenda huku, fomula kule: nani aligeuza?

#1 Mwana_Kamalondo
Salamu wakubwa kwa wadogo. Niko Lubumbashi, nina jambo la shimi (wenzetu wa Dar mnaita kemia) linalonikera tangu jana jioni.

Mdogo wangu yuko umanite (sekondari) ya tatu. Kaja na karatasi ya interro (jaribio la darasani), 4/10. Mwalimu alisoma majina kwa sauti, wao waandike fomula: chlorure de sodium, sulfate de cuivre, carbonate de calcium, acide sulfurique, na mengine. Mtoto kaandika ClNa, SO4Cu, CO3Ca, SO4H2; mwalimu alitaka NaCl, CuSO4, CaCO3, H2SO4. Yote yamepigwa bic nyekundu, na pembeni mwalimu kaandika kwa herufi kubwa "À L'ENVERS!" (kinyume!)

Nikamkemea kidogo: juu ya nini umegeuza kila kitu? Kanitazama bila woga. "Yaya, mwalimu anasema chlorure mbele, sodium nyuma. Mi niliandika vile nilisikia."

Nilikosa jibu. Kweli, mtoto kasikia klori kwanza, sodiamu baadaye. Sasa nawauliza ninyi mliosoma: kwa nini jina lianze na kitu ambacho kwenye fomula kinakaa mwisho?

#2 Fundi_Batri
Mi niko fundi ku soko ya Kenya, hapa Lubumbashi. Ile acide sulfurique siye tunaita mayi ya batri, paka ile. Muntu akiniletea H2SO4 sijue SO4H2, bei ni moya na suruali itatoboka vilevile.

#3 Bongo_Kemia
@Fundi_Batri "mayi ya batri" ni mayai ya betri?? Betri zenu zinataga huko? 😂

Mwana_Kamalondo, jibu ni rahisi: tatizo ni Kifaransa. Wanaotumia Kiingereza wanaanza na sodiamu, wanamaliza na klorini, sawasawa na NaCl. Nimefundishwa hivyo sekondari na sikuwahi kugeuza hata siku moja. Kiswahili chetu pia kiko sawa, tunasema sodiamu kloraidi. Mwambie mdogo wako ahamie Kigoma.

#4 Fundi_Batri
Mayi ni maji, we Mubongo. Mayai siye tunaitaka mayai.

#5 Dada_Valensi
Bongo_Kemia, taratibu kidogo. "Sodiamu kloraidi" ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Kiswahili kwa maumbile yake kinasema kloridi ya sodiamu, salfeti ya shaba, kaboneti ya kalsiamu. Kitu kwanza, mwenyewe baadaye: mtoto wa jirani, mlango wa nyumba. Kifaransa nacho ni hivyohivyo kwa kile "de" chao. Kwa hiyo Kiswahili na Kifaransa wako upande mmoja, wewe ndiye uko ng'ambo.

Nafundisha shimi hapa Likasi, kosa hili naliona kila mwaka. Darasani nasema hivi: jina husomwa kuanzia nyuma, fomula huandikwa kuanzia mbele. Chenye chaji chanya (metali, au H ya asidi) kinatangulia kwenye fomula. Chenye chaji hasi kinafuata. Ukishajua hilo, unapigisha valensi (idadi ya mikono ya kushikana) msalaba.

Chukua sulfate d'aluminium, ule unga wa kusafisha maji ya mto yawe ya kunywa. Alumini ina 3, kundi la SO4 lina 2. Ile 3 inashuka kwa SO4, ile 2 inashuka kwa Al: Al2(SO4)3. Mabano hayo siyo mapambo. Bila mabano unapata Al2SO43, yaani oksijeni arobaini na tatu. Niliwahi kusahihisha karatasi ya namna hiyo, nikaita darasa zima tukazihesabu pamoja. Oksijeni ni 12, salfa 3, alumini 2, basi.

#6 Mwana_Kamalondo
Asante dada. Lakini umeniambia sheria, hujaniambia sababu. Nani alisema chanya kitangulie?

#7 KolweziBoy
Ndiyo hapo. Na mimi niko napenda kujua. Ningekuwa mimi ningeanza na chenye uzito.

#8 Papa_Maabara
Amani kwenu watoto. Nasoma uzi huu nacheka peke yangu, mama wa nyumbani anauliza kuna nini.

Mwana_Kamalondo, mdogo wako hakukosea. Kachelewa kuzaliwa.

Nilianza kazi ya maabara 1969, kampuni kubwa ya shaba, kazi ya kwanza kuosha vichupa. Vitabu tulivyoachiwa na Wabeleji viliandika hivi: ClNa. CO³Ca. NO³H. SO⁴H². Na tazameni vizuri, namba zilikaa juu, si chini kama leo. Mkubwa wetu aliposoma "acide sulfurique" kidole chake kilitembea kushoto kwenda kulia bila kurudi nyuma: sulfu, oksijeni, halafu idrojeni. Jina na fomula zilienda njia moja.

Baadaye vikaja vitabu vipya, tukaambiwa geuzeni. Tulikuwa na chupa moja kubwa ya kioo cha kahawia yenye karatasi mbili: ya zamani imeandikwa SO⁴H² kwa wino uliofifia, ya juu yake H2SO4. Karatasi ya juu iling'oka kila mara kwa mvuke wa asidi, ya chini ikabaki. Mpaka naondoka kazini ile ya chini ilikuwa bado inasomeka.

#9 KolweziBoy
😂😂 Mtoto kazaliwa nyuma ya wakati. Papa umeua.

#10 Bongo_Kemia
Mzee wangu shikamoo. Kwa heshima zote, hii ya ClNa sijawahi kuiona popote. Una picha ya kitabu?

#11 Papa_Maabara
Marahaba mwanangu. Kitabu kimeliwa na mchwa, kimebaki jalada na kurasa za katikati. Mjukuu wangu ana simu ya kupiga picha, akija Jumapili nitamwambia.

#12 Msomaji_Kasapa
Bongo_Kemia, Papa ana haki. Wafaransa waliandika hivyo muda mrefu, na Wahispania pia: ClNa, SO4H2. Ukitembea kwenye maktaba zenye vitabu vya zamani unavikuta.

Kuhusu sababu, mimi naona dada Dada_Valensi kashika nusu tu. Si sarufi ya "de" peke yake. Mwaka 1787 Wafaransa wanne, Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy, walikaa wakatengeneza majina mapya. Kabla yao kitu kiliitwa kwa rangi au kwa kilikotoka: salfeti ya shaba ilikuwa "vitriol ya buluu", asidi ya salfa "mafuta ya vitriol". Wao wakasema jina lioneshe kitu kimeundwa na nini. Wakafanya kama watu wa mimea wanavyofanya: ukoo kwanza, halafu aina. Sulfate ndiyo ukoo. Halafu ya shaba, ya chuma, ya zinki, hao ni watoto wa ukoo huo. Ndiyo maana chlorure, sulfate, carbonate vinatangulia.

Fomula zilikuja nyuma, kwa mtu mwingine. Berzelius wa Uswidi, 1813 na 1814, ndiye aliyeleta herufi hizi za Kilatini. Na zile namba za juu Papa alizozitaja ni zake pia. Aliandika namba juu, Wajerumani wakazishusha chini miaka ya 1830, Wafaransa wakakataa kushuka kwa muda mrefu. Kwa hiyo jina lilizaliwa Paris, fomula Stockholm. Hawakuzaliwa nyumba moja, mnashangaa nini wakitembea kinyume?

#13 Dada_Valensi
Nzuri. Lakini Kiingereza nacho kilichukua majina hayohayo ya 1787, na wao wanaanza na sodiamu. Ukoo umekwenda wapi? Narudi pale pale: ni sarufi. Lugha inayotaja mwenyewe kwanza iligeuza, lugha ya "de" na "ya" haikugeuza.

#14 Msomaji_Kasapa
Na ClNa ya Papa iliandikwa na watu wa "de" kwa kufuata jina. Sawa, tuseme droo.

#15 KolweziBoy
Mnagombania mbele na nyuma, huku kwetu watu hata herufi kubwa na ndogo hawajamaliza.

Kaka yangu ananunua mawe kwa wachimbaji. Siku moja kaandika kwenye magunia kwa marker: CO 6%, CO 4%. Simu yake ndiyo ilimzoesha, anaandika kila kitu kwa herufi kubwa kama anagomba. Mnunuzi kafika na kile kibunduki cha kupimia, kasoma gunia, kacheka mpaka kaketi chini. "Umeniletea gunia la moshi?"

Kobalti ni Co, o ndogo. CO ni monoxyde de carbone, ule moshi wa mbabula (jiko la makaa) unaoua watu usingizini. Tangu siku hiyo kaka anaitwa Monoxyde mtaani. Na magunia mpaka leo bado anaandika CO.

#16 Lava_Nyeusi
Habari toka Goma. Nilikuwa nasoma tu kimya lakini hapo kwa CO nimeguswa.

Huku tuko na mazuku. Kwa wasiojua: kuna mashimo na mabonde madogo pembeni ya Goma na kuelekea Sake ambako gazi inatoka ardhini, haina rangi, haina harufu, inalala chini kama maji kwenye bakuli. Mbuzi anaingia kula majani, hatoki. Mtoto anamfuata mbuzi. Wakubwa wanajua: ukishuka na mwenge ukazimika, rudi. Hiyo ni CO2. Ni nzito kuliko hewa, 44 kwa karibu 29, ndiyo maana inatuama. Na chini ya ziwa Kivu iko nyingi zaidi, kama kilomita za ujazo 300, pamoja na CH4 (methane, gazi inayowaka) kama 60 hivi. Wenzetu ng'ambo ya Rwanda wanavuta hiyo CH4 wanatengeneza umeme.

Sasa tatizo. Mtaani kwetu mazuku wanaita gazi karbonike, moshi wa makala ndani ya nyumba nao gazi karbonike. Mvua ya mwezi wa nne, baridi, jirani yangu aliingiza mbabula chumbani, kafunga dirisha, yeye na watoto watatu. Mtoto mdogo ndiye alilia, tukavunja mlango. Wote walipona, asante Mungu. Kesho yake tukimwambia "ni hatari", anajibu: "mazuku iko chini, mie nalala juu ya kitanda." Unaona? Jina moja lilimpa akili ya gazi nyingine. CO hailali chini hivyo, inaenea chumba kizima. O moja tu imetofautisha. Mono na di siyo mambo ya interro peke yake.

#17 Mwana_Kamalondo
Yaani hapo nimeamka. Pole kwa jirani yako.

#18 Mama_Sabuni
Jamani na mie niseme. Natengeneza sabuni hapa Katuba. Sokoni soda ziko tatu na zote wanaita soda.

Kuna soude caustique, NaOH, ndiyo ya sabuni. Kuna ya kufulia, Na2CO3. Kuna bicarbonate ya mandazi, NaHCO3. Zote nyeupe. Mwaka fulani muuzaji mmoja alinipimia kwenye mfuko mweusi, "mama, hii soda kali". Nikamimina kwa mafuta ya ngazi (mawese), nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Siku ya kwanza uji. Siku ya pili uji. Siku ya tatu nikaweka kidole kwa ulimi (msinifuate), chumvichumvi tu, haiumi. Alikuwa ameniuzia ya kufulia. Ndoo mbili za mafuta zikaenda.

Sasa siulizi jina. Nasema nionyeshe mfuko wa kiwanda, nasoma mwenyewe. Herufi nne: N-a-O-H. Nikiona C popote, naondoka. Mtoto wangu wa umanite ndiye alinifundisha hiyo ya C.

Na ninyi mnaotaka kujaribu: soda unaiweka kwa maji, siyo maji kwa soda. Itaruka usoni.

#19 Dada_Valensi
Mama_Sabuni nitakuiba hiyo ya "nikiona C naondoka" kwa darasa langu. Ni uchambuzi wa kimaabara huo.

#20 Fundi_Batri
Na siye vilevile, acide unaimimina ndani ya mayi, hapana mayi ndani ya acide. Hii siyo ya fomula, niliona kwa macho, muntu kovu iko ku shingo.

#21 Sista_Bukavu
Niko muuguzi Bukavu. Kipindi cha kipindupindu tunapokea ndoo za klori ya unga. Siku moja zimekuja ndoo mbili: moja Ca(ClO)2, nyingine Ca(OCl)2. Mwenzangu kakataa kabisa kuchanganya, anasema ni dawa mbili. Tumesimama pale na foleni ya wagonjwa nje. Nikapiga simu kwa mtu wa famasia, kajibu kwa sekunde mbili: kitu kimoja, hypochlorite de calcium, wameandika tofauti tu.

Kwa hiyo ninyi mnaosema fomula ina sheria moja, hiyo sheria ndoo hazijaisikia.

Na tahadhari kwa akina mama: eau de javel (ile ya kung'arisha nguo) ni NaClO. Chumvi ya mezani ni NaCl. O moja. Msichanganye javel na siki wala na asidi ya kusafishia choo, inatoka gazi ya klori, kifua kinafunga.

#22 Bongo_Kemia
Kwa heshima ya Sista: ClO na OCl, hapo ndipo nilipokubali kwamba hata wataalamu hawajakubaliana. OCl inaonesha nani ameshikana na nani, maana kwenye ile ioni chaji inakaa kwa oksijeni. ClO inafuata mazoea ya asidi, atomu ya katikati kwanza.

#23 Hidromet_243
Kuna kitu hapa kimesahaulika na ndicho kinacholeta pesa Katanga: namba za Kirumi, zinazoonesha metali ina chaji ngapi.

Kobalti ya mawe meusi ya Kolwezi nyingi ni heterojeniti, CoO(OH). Kobalti humo ni (III). Ukiweka asidi ya salfa peke yake inayeyuka kwa uvivu, unamwaga asidi na mawe yanakutazama. Lazima uongeze kitu cha kuishusha iwe (II): SO2 au metabisulfiti ya sodiamu, Na2S2O5. Ikishashuka inaingia kwenye maji, maji yanakuwa ya pinki, ndipo unaongeza magnesia (MgO) kuitoa kama Co(OH)2. Huo ndio unga unaojaza malori barabara ya Kasumbalesa.

Sasa mwanafunzi wa zamani angesema cobalteux kwa (II) na cobaltique kwa (III). Mimi nasikia vibaya sikio la kushoto (kelele za mashine), -eux na -ique kwangu ni sawa. Nashukuru Alfred Stock, Mjerumani, aliyeleta hizi namba za Kirumi 1919. Kobalti mbili. Kobalti tatu. Hata kwenye kelele unaonesha vidole.

@KolweziBoy mwambie Monoxyde pia kwamba Co(OH)2 safi kwenye karatasi ni kobalti 63.4% (58.93 gawa kwa 92.95). Unga wa kwenye gunia haufiki hapo hata siku moja: una unyevu, una magnesiamu, una manganizi. Fomula inaeleza kitu kikiwa peke yake, na kwenye gunia hakuna kitu kinachokaa peke yake.

#24 KolweziBoy
Monoxyde anasoma. Anasema asante na kwamba 6% yake ilikuwa ya kweli.

#25 Papa_Maabara
Hidromet mwanangu, sisi tulipima malakiti hivyohivyo. Cu2CO3(OH)2, shaba 57.5%. Jiwe la kijani zuri kuliko yote, mzungu mmoja alilifanya kibonyezo cha karatasi mezani, kila siku tunahesabu asilimia huku yeye anaweka kikombe cha kahawa juu yake.

Mnajua kuna madini yana majina ya kwetu? Kolwezite, likasite. Cornetite nayo ilipatikana hapa Lubumbashi, mgodi wa Étoile, ikapewa jina la Jules Cornet, mtu wa jiolojia. Hayo majina hayakwambii ndani kuna nini, yanakwambia ilipookotwa. Mimi yananipendeza zaidi.

#26 Umanite_Ya_Nne
Shikamooni wote. Mimi ni mwanafunzi, tusitoke kwenye maswali ya mtihani wa Leta (wa serikali) tafadhali 🙏 Swali langu: azote (naitrojeni), kwa nini alama yake ni N? Hakuna N kwenye azote! Nimepoteza pointi kwa kuandika AzH3.

#27 Msomaji_Kasapa
Pole mdogo wangu, na wewe umechelewa kuzaliwa kama mwenzako. Wafaransa waliandika Az kwa muda mrefu. Jina azote alilitoa Lavoisier na wenzake, kwa Kigiriki "bila uhai", kwa sababu mnyama hawezi kuishi ndani yake. Chaptal, Mfaransa pia, akasema 1790: tuite nitrogène, kinachozaa shura. Dunia ikachukua N ya Chaptal, Wafaransa wakabaki na jina la Lavoisier. Tena jina na alama wakaachana.

#28 Bongo_Kemia
Na hapa nitawapa zawadi kutoka nyumbani. Na ya sodiamu inatoka natrium, na natrium inatoka natron, ile chumvi ya magadi. Na ziwa Natron liko kwetu, Tanzania kaskazini, na ziwa Magadi liko ng'ambo tu Kenya. Davy Mwingereza alipotoa sodiamu 1807 akaiita kwa jina la soda. Berzelius akapenda natrium, ndiyo maana mnaandika Na.

#29 Mama_Sabuni
Magadi ile ya kulainisha maharage?

#30 Bongo_Kemia
Hiyohiyo mama. Sodiamu iliitwa kwa maharage yako.

#31 Msomaji_Kasapa
Na ongeza: K ya potasiamu inatoka kalium, kwa Kiarabu al-qali, majivu ya mimea. Ile chumvi ya majivu bibi zetu walichuja kwa kikapu, potasiamu hiyo. Na ukitaka kuchanganyikiwa zaidi, "nitre" na "natron" ni neno moja la kale lililogawanyika. Kwa hiyo N na Na ni ndugu wa tumbo moja ingawa hawafanani hata pua.

#32 Umanite_Ya_Nne
Niandike hiyo kwenye mtihani?

#33 Dada_Valensi
USIANDIKE. Andika NH3.

Halafu nimekaa nikafikiri, nijisahihishe kabla Hidromet hajanikamata. Ile ya kupigisha msalaba na kurahisisha (Ca2O2 inakuwa CaO) haifanyi kazi kila mahali. H2O2 usiirahisishe ikawa HO, ni oksijeni mbili zimeshikana mikono. Hg2Cl2 pia iacheni hivyohivyo. Zebaki (I) hutembea wawiliwawili. Ukiirahisisha HgCl unaandika kitu ambacho hakipo, na ukikosea ikawa HgCl2 umeandika sumu kali ya enzi za zamani.

#34 Hidromet_243
Nilikuwa nasubiri hiyo, dada. Lakini sikukamati kwa hiyo, nakukamata kwa ile ya kwanza. Ulisema chanya kwanza, hasi baadaye. NH3?

Naitrojeni ina mvuto mkubwa wa elektroni, 3.04. Haidrojeni 2.20. Kwa sheria yako idrojeni ni upande wa chanya, ingetangulia: H3N. Na CH4 vilevile, kaboni 2.55. Mbona H2O mnaanza na H lakini NH3 mnamaliza nayo?

#35 Dada_Valensi
Mazoea.

#36 Hidromet_243
Mazoea siyo sheria.

#37 Msomaji_Kasapa
Ni foleni iliyopangwa kwa mkono. Watu wa IUPAC (umoja wa kimataifa wa wanakemia) walipanga orodha: bora, silisi, kaboni… fosforasi, naitrojeni, kisha HAIDROJENI, halafu salfa, halojeni, oksijeni, florini. Haidrojeni wameichomeka kati ya naitrojeni na salfa ili NH3 na CH4 zibaki zilivyo, na H2O na H2S pia. Hawakugusa mazoea, walijenga ukuta kuyazunguka. Halafu 2005 wakahamisha oksijeni mbele ya klori na wenzake, kwa hiyo ClO2 ya vitabu vyako inatakiwa kuwa O2Cl. Nani anaandika hivyo? Hakuna.

#38 Bongo_Kemia
Yaani leo O2Cl ndiyo sahihi na mtoto wa #1 kapata 4 kwa ClNa. Nampigania sasa.

#39 Dada_Valensi
Bongo umehama kambi? Jana alikuwa wa kupelekwa Kigoma.

#40 Mwana_Kamalondo
Ripoti fupi. Nimechapisha post ya Papa kwenye karatasi, mdogo kampelekea mwalimu leo asubuhi. Mwalimu kasoma yote amesimama. Kasema: "Huyo mzee ana haki, na mimi baba yangu aliandika hivyo. Lakini mtihani wa Leta hausahihishwi na baba yangu." Pointi hakurudisha. Ila kamuita mbele, kampa chaki, kaandika mistari miwili ubaoni, ya zamani juu na ya sasa chini, akawaeleza wenzake.

Mtoto karudi kichwa kimevimba. Sasa ananiuliza: acétate de sodium, mbona kitabu kinaandika CH3COONa, sodiamu mwisho kabisa? Si waligeuza?

#41 Hidromet_243
Hiyo ni ya kaboni, watu wa kaboni wana serikali yao.

#42 Dada_Valensi
Jibu sahihi ni kwamba inafuata jinsi atomu zinavyoshikana, siyo foleni ya Msomaji. Lakini pia unaweza kuandika NaCH3COO na hakuna atakayekukamata.

#43 Msomaji_Kasapa
Mimi nitakukamata.

#44 Papa_Maabara
Mjukuu kafika. Picha hazitoki, simu imejaa. Ukurasa uliobaki mzima ni wa sulfate de cuivre, namba ziko juu: SO⁴Cu, 5 H²O. Mchwa wamekula mpaka kwenye koma.

#45 Fundi_Batri
Papa, hakuna shida. Nauliza tena kama tangu mwanzo: nani anatafuta mayi ya batri? Iko lita kumi na tano, na bidoni haina etikete hata moya.

#46 Mama_Sabuni
Haina etikete?? Fundi, weka etikete.